Hesabu ya Kwenda Mbale

Usiku wa kuamkia Jumamosi, mtaa wa Shabab, Nakuru,
nimeketi na daftari la miraba la Kisia
(amelala, hajui nimemng'olea kurasa mbili),
na penseli, na chai iliyokwisha kupoa.
Gari liko nje, limefungwa ukutani kwa waya
kama mbuzi.

Ni la mtumba. Lilizeekea kwingine kabla ya kuja kwangu,
na hadi leo linasema Kijapani:
kila asubuhi sauti ya mwanamke hunipa neno
ambalo huenda ni salamu, huenda ni onyo.
Vibao vya betri vilikuwa kumi na viwili.
Vimebaki tisa.

Naandika: Nakuru hadi Mau Summit, panda.
Nalikoleza hilo "panda" kwa penseli,
maana ramani hukwambia umbali, haikwambii kimo,
na kimo ndicho kinachokula.
Salgaa, mwendo wa hamsini nyuma ya malori. Si woga, ni akiba.
Hita, marufuku. Blanketi, soksi za sufu.
Miguu yenye joto ni kilomita kumi;
nimeitazama miguu yangu, haina thamani hiyo.

Mau Summit: Tonui, fundi wa kuchomelea.
Nilipompigia aliuliza, "Linakunywa kiasi gani?"
kama mtu anayepatana bei ya ng'ombe.
Nitamnunulia tokeni, naye atazima mashine yake
tunywe chai saa tatu nzima.
Tarakimu ishirini ziko pembeni mwa ukurasa.
Hiyo ndiyo petroli yangu: unaweza kuisoma kwa sauti.

Halafu Kericho, na baada ya Kericho, mteremko.
Hapo breki hailipishi, breki inalipa.
Majani chai kulia, majani chai kushoto, mvua ya saa nane,
na asilimia inapanda moja, inapanda nyingine,
kama deni ambalo mdaiwa amelikumbuka mwenyewe.
Ahero, kwa Awuor: samaki mmoja, soketi moja.
Kisumu, pita.
Riat, panda tena. Omba.

Mama amepiga. "Utafika saa ngapi?"
"Inategemea mlima, Mama."
"Mlima haujahama tangu nizaliwe."

Enzi za petroli nilifika saa tano, nikaondoka saa tisa.
Alinisindikiza mpaka barabarani na kuku aliyefungwa miguu,
hata hatujamaliza kuulizana habari za waliokufa.

*

Haya ya chini nayaandika Mbale, Jumapili.

Tonui alikuwepo. Mvua iliwahi, ilianza saa saba.
Riat nilipanda na asilimia tisa, nikiwa nimezima hata redio,
nikimsikia yule mwanamke akirudia neno lake,
na sasa najua si salamu.

Soketi ya Mama ni moja, nyuma ya kabati la vyombo.
Alichomoa simu yake ili gari lile,
akapitisha waya dirishani kwa mkono wake mwenyewe,
akauliza, "Likishiba ndiyo unaondoka?"
Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka, nilisema ndiyo.

Kwa hesabu yangu, alfajiri lingekuwa limejaa.
Nimeamka: arobaini na moja.

"Stima ilipotea," amesema Mama,
akikoroga uji, macho kwenye sufuria.

Ng'ambo ya bonde, kwa kina Adisa,
taa ya nje iliwaka usiku kucha. Bado inawaka,
jua limeikuta.

Nimekwenda nyuma ya kabati.
Swichi imezimwa.
Juu yake vumbi la miaka,
na katika vumbi, alama ya kidole kimoja.

Nimerudi mezani, nimekunywa uji. Una ndimu, kama zamani.
Nimefungua daftari la Kisia
nikafuta "Jumapili, saa sita, kurudi,"
nikaandika:

Mbale, siku tatu.
Sababu: stima.